Watu wa Muyama Hawalali

Jumatano, 9 Julai 2025. Kasulu.
Leo kwenye kikao cha asubuhi nimesinzia. Nasema kweli, shajara ni yangu. Nilipozinduka Mganga Mfawidhi alikuwa anasoma barua. Kuna taasisi inatafuta madaktari vijana, wasiozidi miaka mitano kazini, wa kuchunguza usingizi na saa ya mwili. Yaani ile saa iliyo ndani ya mtu, inayomwambia sasa lala, sasa amka, sasa kula. Fedha za utafiti miaka miwili na mafunzo juu yake. Hospitali moja, mtu mmoja.

Nikanyoosha mkono. Dokta Ghati alikuwa ameshanyoosha. Huyu dada wa Tarime alihamia hapa mwaka jana kutoka Kibondo, na tangu siku hiyo hajachelewa kazini hata mara moja. Mtu wa namna hiyo unaishi naye vipi? Ana daftari anaandika wauguzi wa zamu ya usiku wanalala saa ngapi wakirudi nyumbani. Mwaka mzima anaandika, hakutumwa, halipwi. Kiherehere tu.

Mimi mkataba wangu unaisha tarehe 31 Agosti. Nisipopata fedha hizi narudi Bukoba kwa Mama, daktari mzima, kupalilia migomba. Naogopa, sifichi. Jioni nikampigia Mama, nikamwambia huenda nikapata utafiti mkubwa. Sikumbuki vizuri kama lile "huenda" nililitamka.

Alhamisi, 10 Julai.
Sikulitamka. Mama ameitangazia jumuiya nzima kwamba mwanae Theonest ni mtafiti wa kimataifa. Misa ya shukrani Jumapili tarehe 27. Mbuzi amepatikana, tena beberu. Nimejaribu kumwambia asubiri kidogo, akasema Mungu hashukuriwi kwa kuchelewa.

Basi lazima nishinde. Usaili ni tarehe 24 kwa video. Ghati asinione mjinga.

Ijumaa, 11 Julai.
Taasisi imetuma saa ishirini za mkononi. Hazina mishale wala namba, kazi yake ni kuandika kama mwenye mkono amelala au yuko macho. Kumi za Ghati, kumi zangu. Kila mmoja avalishe watu kumi kwa wiki moja, alete majibu ya awali.

Ghati anawavalisha wauguzi wake walewale. Hana jipya! Mimi nimewaza mbali. Nataka watu ambao usingizi wao haujaharibiwa na taa wala luninga. Wakulima. Muyama, kule Buhigwe. Nimeshaona kichwa cha habari.

Tatizo ni kufika. Kule Julai baridi, barabara vumbi, na Waha wakikusalimia wanapiga makofi mpaka waulizie ukoo wote, na wewe inabidi upige. Nyumba kumi ni siku nzima ya makofi. Bahati nzuri Sista Vestina wa wodi ya wazazi kwao ni Muyama na kesho anaanza likizo. Nimemkabidhi saa zote.

Akashauri twende wote. Alisema mtu haulizwi usingizi wake kwa mdomo wa mwingine, na wazee wa kule wangependa kumwona mwenye shida yake. Ana miaka ishirini na sita kazini, anapenda kushauri. Nikamwambia sayansi ya siku hizi inafanyika kwa mbali.

Akaniuliza fomu je. Kila mtu ana fomu yake, na mwisho kuna swali: wiki hii kumetokea jambo lolote lisilo la kawaida? Nikamwambia fomu aniachie, nitajaza mwenyewe. Nimezijaza leoleo zote kumi kupunguza kazi. Hakuna. Hakuna. Hakuna. Dakika nne nimemaliza, nikaenda kunywa chai.

Jumapili, 13 Julai.
Wazo! Utafiti wote wa Ghati umesimama juu ya zamu za usiku. Zikiondolewa, umekwisha. Nimekwenda kwa Metroni na sura ya huruma. Nikamweleza kwamba wale wauguzi kumi wamechoka, kwa nini asiwape zamu za mchana japo wiki moja? Metroni akaguswa kabisa. Akasema hakujua kama nina moyo hivyo.

Jumatatu, 14 Julai.
Ratiba mpya imebandikwa. Wauguzi kumi: mchana. Nilicheka peke yangu pale ukutani. Halafu nikashusha macho. Daktari wa zamu ya usiku wiki nzima: Dkt. Theonest. Metroni anasema kwa jinsi nilivyoonyesha uchungu na suala la usingizi, ameona nitafurahi.

Ijumaa, 18 Julai.
Sijui leo ni leo au jana. Nimezalisha, nimeshona, nimeandikia mgonjwa dawa ya mgonjwa mwingine na muuguzi akanirudishia karatasi. Mchana nalala nasikia jirani anatwanga.

Na Ghati amenifuata kunishukuru! Anasema alikuwa na majibu ya wauguzi wakiwa usiku tu. Sasa amewapata walewale wakiwa mchana, analinganisha. Amesema bila mimi asingeweza. Ameniletea ndizi. Nimezila kwa hasira.

Jumatatu, 21 Julai.
Vestina amerudi na saa zangu. Nimezifungua kwenye kompyuta.

Jumamosi na Jumapili watu wote kumi wamelala vizuri. Kuanzia Jumatatu, siku tatu mfululizo, hakuna hata mmoja aliyefikisha saa mbili za usingizi usiku. Wote kumi! Wanakaa macho pamoja, wanasinzia kidogo alfajiri, wanaamka pamoja. Alhamisi mchana wanaanguka na kulala kama magunia. Jamani! Hili ni gonjwa, tena jipya, na mwenye kuligundua ni mimi. Nimeliandika kwa jina: Ugonjwa wa Theonest.

Vestina mwenyewe macho mekundu, yamevimba, kilemba cheusi kichwani, anaongea kwa sauti ndogo. Naye limempata! Nimemwandika kuwa mgonjwa wa kumi na moja. Alianza kusema, Dokta, wiki ile nyumbani kulikuwa na jambo. Nikamkatiza. Nikamwambia mimi nina namba, sihitaji hadithi. Akanitazama kidogo, akaenda zake wodini.

Jumanne, 22 Julai.
Nimemwandikia mtu wa wilayani kumtahadharisha kuhusu Muyama. Nimependekeza gulio lao lisimamishwe hadi nitoe maelekezo. Hajajibu. Watu wakubwa huogopa habari kubwa.

Mama kapiga. Mbuzi amekuwa wawili.

Alhamisi, 24 Julai.
Naandika nikiwa stoo ya mashuka. Hapa hakuna anayeingia.

Usaili ulikuwa ofisini kwa Mganga Mfawidhi. Kwenye skrini watu watatu, mkuu wao Profesa Asmahani, mama wa Tanga, sauti laini, miwani imening'inia kifuani. Ghati akaanza. Akaonyesha wauguzi wa usiku wanavyopoteza usingizi na wanavyourudisha wakipewa mchana. Akanitaja kwa jina na kunishukuru. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu.

Zamu yangu nikasimama. Nikaeleza gonjwa, nikaonyesha michoro, nikasema huenda linaambukiza kwa sababu mpaka muuguzi wetu analo. Walisikiliza bila kukohoa. Nikajua nimeshinda. Nikaona Misa, nikaona mbuzi wote wawili.

Profesa akavaa miwani. Akaniuliza kwa upole kama wiki hiyo Muyama palikuwa na msiba.

Nikacheka. Nikainua fomu zote kumi mbele ya kamera. Hakuna jambo lisilo la kawaida, Profesa, wenyewe wamejaza. Akaomba nizisogeze. Akatazama kwa muda. Akauliza mbona wakulima kumi wana mwandiko mmoja.

Mganga Mfawidhi akafungua mlango akamwita Vestina. Hakuwa na haraka. Akasalimia, akaulizwa, akajibu akinitazama mimi, si skrini:

"Tulikuwa tunamzika babu yangu, Mzee Ndayikunda. Alifariki Jumatatu. Hao kumi ni majirani, walikesha kwetu siku zote tatu, kwenye moto nje, kama inavyotakiwa. Nilitaka kukwambia, Dokta."

Kwetu ni Bukoba na msiba naujua. Nimekesha kwenye misiba tangu nikiwa mtoto. Mwenzangu kazini alikuwa amefiwa, amesimama mbele yangu na kilemba cheusi, nikamwandika namba kumi na moja. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Profesa akampa Vestina pole, akamuuliza mzee alikuwa na umri gani, akamwacha aeleze. Fedha kapewa Ghati. Kwangu alisema neno moja tu, kwamba majibu yangu ni mazuri sana, tatizo hakuna mtu aliyeulizwa.

Ijumaa, 25 Julai.
Nimempa Vestina pole na bahasha ya rambirambi. Alipokea kwa mikono miwili. Akasema amenisamehe, lakini niende Muyama nikakae na wazee, Mzee Tharsisi anayeongoza kitongoji ananisubiri. Anataka kumwona aliyetaka kufunga gulio lao.

Ghati naye amenifuata. Anahitaji msaidizi, mkataba wa mwaka. Sharti moja: kila nyumba niende mwenyewe, niulize mwenyewe, nisijaze kitu ambacho hakuna mtu aliyekisema. Nimekubali. Bukoba sirudi! Nimeahidi mbele yake na mbele ya Vestina kwamba kuanzia leo sitasema tena uongo, wala mdogo.

Jumamosi, 26 Julai.
Misa ni kesho. Nimeshika simu tangu asubuhi. Nilikusudia kumwambia Mama ukweli, na nilianza vizuri. Nikasema, Mama, fedha hazikutoka. Akauliza kwa nini. Sauti yake ilishuka sana. Akaniuliza, "Baba, wamekuonea?" Moyo ukanipasuka. Nikasema hapana Mama, mfadhili amefariki.

Akauliza nani. Jina lililokuwa karibu ni moja tu. Nikasema Profesa Asmahani.

Mama akalia. Ni mama mwema, analilia watu asiowajua. Akasema Misa haitavunjwa, itageuzwa kuwa ya kumwombea marehemu, na mbuzi wataliwa na wafiwa. Nimepumua. Naona limekwisha kwa heshima, na hakuna aliyeumia.

Jumatatu, 28 Julai.
Halijaisha.

Misa ilisomwa jana. Padri alisita kidogo kwenye jina, kisha akaendelea. Leo asubuhi Mama kampigia Mganga Mfawidhi kumpa pole kwa msiba wa Profesa. Mganga Mfawidhi kaitisha kikao. Tumesimama dakika moja kimya, mimi nikiwa mstari wa mbele. Ghati amelia kwa kwikwi. Metroni kapitisha daftari la michango. Rambirambi zikaanza kutumwa kwa simu, zetu, za Kibondo, mpaka za Kakonko, na nyingine wakazituma kwa namba ya marehemu mwenyewe.

Saa sita mchana marehemu kapiga kwa video.

Ofisi ilijaa. Profesa Asmahani alikuwa na miwani yake, mzima wa afya, na hakutaka salamu. Alisema tangu asubuhi anapokea pole za kifo chake, na kuna mama wa Bukoba amemtafuta ndugu yake wa Tanga na kumjulisha kwamba Profesa amesomewa Misa, yeye aliyefunga Ramadhani zote tangu utoto. Kisha akaniita.

"Dokta Theonest, nani alikwambia nimekufa?"

Ghati ananitazama. Vestina ananitazama. Mganga Mfawidhi kafumba macho. Ukweli nilikuwa nao mdomoni kabisa, mfupi, maneno matatu tu. Nikaona mkataba wa mwaka unaondoka, nikaona migomba. Na hapo hapo, sijui ni Mungu, wazo likaja!

Nikamwambia aliyefariki si yeye, ni pacha wake.

Akasema hajawahi kuwa na pacha.

Nikampa pole kwa familia yake kumficha jambo hilo miaka yote hiyo. Nimemwambia tuko pamoja naye katika kipindi hiki kigumu. Akakata simu bila kuaga. Naona limemgusa.