Majimoto Wangu na Soya ya Kahindi

Mjambere, Jumatatu, 5 Juni 1944

Viwavi! Soya yangu imetoboka kama kung'uto. Ng'ambo ya kijia, jirani yangu Kahindi anaokota viwavi wake kwa mkono, mmoja mmoja, kama mwanamke anayechambua mchele. Mjinga. Mimi Lewa nimesoma misheni, siwezi kuinamia kiwavi. Sheikh Awadh, mwenye ardhi tunayolima sote wawili, amesema waziwazi: soya ikikomaa atakuja kukagua. Mwenye shamba zuri atapewa yote mawili. Mwenziwe ahame. Mke wangu Nyevu hapati usingizi tangu asikie. Nimemwambia atulie, akili ni mali.

Jumatano, 7 Juni

Dawa nimeipata. Majimoto! Wale chungu wekundu wa mikorosho wanaowatoa wakwezi machozi. Viwavi kwao ni pilau. Nimekata kiota chao kizima, nikakitia kapuni, nikajitwika kichwani. Kosa dogo. Jicho la kushoto halifunguki. Lakini nimefunga kamba kutoka mkorosho hadi kwenye soya, na wanapita kwa mstari kama askari wa Keya waendao vitani. Nyevu ameuliza wakimaliza viwavi watakula nini. Maswali gani haya!

Alhamisi, 15 Juni

Hakuna kiwavi hata wa dawa. Nimekwenda kumsalimu Kahindi kwa sauti kubwa, akiwa ameinama vilevile. Raha iliyoje!

Jumanne, 20 Juni

Balaa. Vidukari wamejaa kila shina. Majani yananata na kujikunja. Na majimoto hawawagusi! Wanalamba ule utamu unaowatoka vidukari nyuma, tena wanawalinda kama mchungaji na mbuzi wake. Nimewaleta kazini, wao wameanza ufugaji. Nyevu amesema mchimba kisima huingia mwenyewe. Ningemjibu vikali, ila majimoto wameniuma tena. Mdomo nao umevimba.

Jumamosi, 24 Juni

Nimemgundua adui wa kweli! Wadudu wadogo wekundu, mgongo mviringo, madoa meusi. Nimewakuta katikati ya vidukari, wametulia kama wako kwao. Bila shaka ndio mama zao. Hata majimoto, wasio na haya, wakiwaona wanawafukuza. Nimewaokota wote, kibuyu kikajaa, nikawamwaga kwa Kahindi, ambaye naye vidukari wameanza kumwingilia. Sasa alee ukoo mzima. Nimerudi nyumbani nikiimba nyimbo za kanisa.

Jumapili, 2 Julai

Vidukari wangu wamezidi. Juzi niliwamwagia maji makali ya tumbaku. Majimoto wakafa wote, vidukari nusu. Leo nimetoka ibadani nikakuta viwavi wamerudi, wanene, wanatembea bila hofu kwa kuwa wa kuwala hayupo. Vidukari wananyonya shina, viwavi wanatafuna jani. Wamegawana bila ugomvi, jambo ambalo Sheikh Awadh ameshindwa kutufanyia mimi na Kahindi. Nimekaa chini nikalia.

Kahindi akanikuta hapo. Akanipa pole, akasema vidukari wake wamekwisha, Mungu kamletea wadudu wekundu wenye madoa, wanawala mchana kutwa. Akaniuliza kama mimi sina. Uongo mtupu! Anaficha aibu yake.

Jumatatu, 31 Julai

Sheikh Awadh amekuja. Tumempa shikamoo. Aling'oa mmea wangu mmoja, akautazama, akaurudisha udongoni taratibu kama anazika. Akasema inshallah Mungu atanifungulia riziki pengine. Mashamba yote ni ya Kahindi.

Nyevu amefunga sufuria na mikeka. Machozi yanamtoka tu. Mihogo aliyoipanda kwa mikono yake anaiacha. Inaniuma, siwezi kusema haiumi. Kahindi, ili aonekane mwema, amemwomba Sheikh atuachie kipande pembeni hadi mvua za vuli ziishe, naye amekubali. Nyevu akamshukuru Kahindi huku amepiga magoti. Mimi niliitika kwa kichwa.

Nimeyapima yote kwa makini. Kosa langu lilikuwa moja tu: wale wadudu wekundu nilimpelekea wachache. Vuli ikianza nitaokota kila mmoja katika kipande changu, nimpelekee kapu zima.