Daktari Aliyemfufua Binti Yake Kabla ya Mkanda wa Nne

Jumatano, 11 Machi 1925
Bibi Hatsue, mwenye jumba letu la sinema, ametuita mimi na Kuwabara. Picha hazisemi, sisi wasimulizi ndio sauti yake. Lakini kuanzia Jumatatu ana mshahara wa sauti moja tu. Atakayewashika watu wiki hii ndiye atakayebaki. Mimi nimesimama kando ya kitambaa cha picha miaka kumi na tisa. Kuwabara ana miaka ishirini na minne na suti ya Tokyo. Ameniinamia hadi kiunoni, akasema ni heshima kushindana na mzee wangu. Sumu tupu.

Picha yenyewe ni ya Marekani, mikanda sita. Daktari wa shamba anamwacha binti yake mgonjwa, anakwenda kumtibu mtoto wa maskini. Akirudi, binti amekufa. Nimeitazama mara mbili. Mtu huyu hali chakula hata mara moja, na chumbani kwa mgonjwa anaingia na viatu. Wamelelewaje watu hawa?

Alhamisi, 12 Machi
Nina mpango. Nakala ni moja kwa majumba mawili. Ng'ambo ya mto wakimaliza mkanda, Tomekichi, mchukuzi wetu, anatuletea kwa baiskeli. Nimempa chupa ya pombe ya mchele ili leo mchana, zamu ya Kuwabara, apate pancha akiwa na mkanda wa nne. Nataka kuona kijana atafanya nini mbele ya kitambaa kitupu.

Saa kumi. Nimeona. Aliwaambia watu wafumbe macho, wamsikilize farasi wa daktari akija kwenye theluji. Akagonga meza kwa vidole. Robo saa nzima. Wasichana wa kiwanda cha hariri walilia, na mkanda ulipofika wakaudhika. Hata mimi nilikuwa nimefumba macho.

Ijumaa, 13 Machi
Ya jana jioni, zamu yangu. Tomekichi alikuwa ameimaliza ile chupa. Akaleta mkanda wa tano kabla ya wa nne. Basi binti akazikwa, watu wakalia vizuri. Mkanda uliofuata, huyo hapo kaketi kitandani, anakunywa maziwa. Mtu wa nyuma akauliza: mwalimu, huyo si tumemzika sasa hivi?

Mwingine angeomba radhi. Mimi nikasema daktari alirudi makaburini na chupa yake ya mwisho ya dawa. Shangwe! Ukaja wa sita: daktari na mkewe wanalia juu ya kaburi. Nikasema wanaililia dawa. Imeisha, wameizika chupa. Mama mmoja akaangua kilio, maskini dawa. Ajabu hii sijamaliza kuiwaza: macho yao yaliona jambo moja, wakaamini mdomo wangu.

Jumamosi, 14 Machi
Daktari Nezu, wa mji wetu, amekuja na matope hadi magotini. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililonitisha. Watu saba wamemwendea kutaka dawa ya Marekani. Wa saba ni Mzee Isaburo, mfugaji wa viwavi wa hariri, aliyemzika mkewe Oktoba. Aliuliza tu kama miezi mitano ni mingi.

“Nimjibu nini, Mwalimu Orikasa? Nifundishe, wewe ndiye msemaji.”

Nikamwuliza anakoishi Mzee Isaburo.

Nimekwenda kwa Mzee Isaburo kuomba radhi. Akanimiminia chai. Akasema alijua ni uongo, mwanangu, ila kuuliza hakuna ada. Kisha akataka kujua kama nitaisimulia tena vilevile.

Jumapili, 15 Machi
Bibi Hatsue ameamua. Kuwabara anabaki, na ataisimulia picha kama ilivyo, Daktari Nezu akiwa kiti cha mbele. Tomekichi amefukuzwa kwa ulevi. Kisha Bibi Hatsue akaniuliza, macho chini, kama magoti yangu yanaiweza baiskeli.

Nimekubali. Nimemwapia kwamba mipango yangu imekwisha, na nilipokuwa nikiapa niliamini kabisa.

Kwa hiyo kuanzia kesho kila mkanda wa Kuwabara utapitia mikononi mwangu. Sina nia mbaya. Nataka kujua tu, mara moja, atasema nini akianzishiwa na mkanda wa sita.