Jino la Mbuzi Thelathini

Jumatatu, 15 Septemba 2025. Emali.

Jino limeamka kabla yangu. Gego la chini, kulia, lile lenye tundu dogo ambalo mke wangu, Mama Kiilu, alinionya juu yake tangu mwezi wa kwanza. Sikumsikiza.

Wiki mbaya kabisa ya kuumwa! Jumamosi wakwe wanatoka Kabati kuzungumza mahari ya Kaluki, binti ya marehemu kaka yangu, na msemaji wetu ni mimi. Nimemwahidi mama yake mbuzi thelathini. Miaka ishirini na mbili nimekuwa broka wa mbuzi hapa sokoni. Nikishindwa kusema, atasema binamu yangu Kitheka. Kitheka! Mtu anayekubali bei ya kwanza hata ya nyanya.

Nikaenda kliniki mpya ya meno. Daktari ni msichana mpole, Anab, ana taa kwenye paji la uso. Akapiga picha ya jino. Ajabu! Nikaliona lote kwenye skrini, na mizizi yake miwili imeng'ang'ania taya kama mtu aliyekataa kuhama shamba. Miaka hamsini na tatu ninaishi na kitu kizuri hivyo na sikujua.

Kisha bei. Kung'oa, elfu mbili. Kuliokoa, elfu kumi na mbili. Na picha peke yake, elfu moja! Nikamweleza kwamba picha za pasipoti hapa Emali ni mia mbili na unapewa nne. Akacheka. Akasema mwezi wa kwanza lingezibwa kwa elfu tatu tu, na kama pesa ni shida, hospitali ya kaunti ni nafuu, ila niwahi asubuhi.

Elfu kumi na mbili! Mbuzi wawili wazima, ndani ya mdomo wangu! Nimerudi nyumbani nikiwa nimeufunga kwa heshima.

Jumanne, 16 Septemba.

Hospitali ya kaunti. Foleni ndefu mpaka nje. Nikaweka fimbo yangu kwenye benchi ishike nafasi, nikaenda kunywa chai. Niliporudi, fimbo ilikuwa imesogezwa nyuma, taratibu, na kila mtu aliyekuja na mwili wake mwenyewe. Ilikuwa ya mwisho na daktari alikuwa amefunga kitabu. Mama mmoja akauliza kama ni fimbo inayoumwa.

Jioni nikanunua karafuu dukani kwa Salim. Shilingi kumi. Maumivu yakatulia kwa dakika arobaini! Nikajiona nimeshinda sayansi. Dakika ya arobaini na moja sitaiandika.

Jumatano, 17 Septemba.

Kitheka amekuja kunipa pole. Muda wote alikuwa anatazama shavu langu. Akataja, kama kwa bahati, kwamba amenunua koti. Koti!

Lazima nipone. Na kliniki ina tangazo ukutani: wazee wa miaka sitini na tano kwenda juu, nusu bei. Nikavaa kofia ya marehemu baba, nikaingia nimeinama, nikasema nina sitini na saba na kitambulisho kimepotea. Daktari akafungua mdomo wangu, akamulika, akacheka mpaka taa ikatikisika. Akasema mtu wa sokoni asidanganye umri mbele ya binti ya Samatar.

Samatar! Mnunuzi wa mifugo! Zamani nilimuuzia mbuzi jioni nikimwambia ana meno mawili, bado kijana. Alipotaka kuhakikisha nilimshika mbuzi mdomo, nikasema anauma. Kesho yake wakakuta ni bibi kizee asiye na jino la mbele hata moja. Daktari anasema baba yake alikasirika mwezi mzima, akawafundisha watoto wote kufungua mdomo kabla ya kuamini neno. Ndipo yeye akaanza kupenda meno.

Kumbe mimi ndiye niliyemfanya daktari! Machozi yalinilenga. Nikaomba punguzo la mfadhili. Akasema mfadhili hulipa bei kamili, ili wengine waige.

Alhamisi, 18 Septemba.

Nimekubali kung'oa. Elfu mbili, nalipa tukimaliza. Akanidunga sindano kwenye ufizi, akaniambia nisubiri kidogo.

Sijaona muujiza kama huu. Maumivu yaliondoka yote! Kimya. Taya langu lilikuwa kama si langu. Nikajiuliza, mtu mwenye akili analipa kung'oa jino lisilouma? Nikamwambia daktari naenda choo. Nikaenda mpaka nyumbani.

Elfu mbili nimeokoa! Mama Kiilu alikuwa amepika muthokoi, mahindi yetu ya kukobolewa. Nilikula sahani mbili. Nikamsifu, nikasema nyama ya leo ni laini ajabu. Akasema leo hakuna nyama.

Ilikuwa shavu langu.

Ijumaa, 19 Septemba.

Jino limerudi usiku na ukoo wake wote. Shavu limefura. Nimerudi kliniki mchana kama mbuzi aliyevunja ua. Daktari hakuuliza choo kilikuwa mbali kiasi gani. Alidunga tena, akavuta, likatoka. Akalipisha elfu mbili pamoja na bei ya sindano mbili. Sikubishana. Nilikuwa nimelishika jino mkononi, na mizizi yake ile ile ya kwenye picha. Kitu kidogo hivi kimeniendesha wiki nzima!

Akaona lingine, juu kushoto, tundu dogo. Akasema lizibwe sasa, kwa elfu tatu, lisifike huko. Halafu akasema neno baya: nisiongee siku mbili.

Nimemwandikia mama yake Kaluki kwenye karatasi. Amelia. Kitheka amepiga koti pasi.

Jumamosi, 20 Septemba.

Wamekuja. Mama yake Kaluki akasisitiza nikae kiti cha katikati, hata kama ni bubu. Kitheka akaketi kando yangu na koti lake. Msemaji wao, mzee anaitwa Mulwa, akatoa mbuzi ishirini. Kitheka akafungua mdomo kushukuru. Pengo likanichoma! Nikamshika goti, nikaguna, nikatikisa kichwa kwa uchungu.

Mulwa akanitazama. Akasema ishirini na nne.

Likachoma tena. Nikafumba macho. Akasema ishirini na nane.

Hapo damu ikajaa mdomoni. Nikasimama, nikatoka nje kutema. Nilikaa huko nikijihurumia. Niliporudi nyumba nzima ilikuwa imesimama. Walidhani nimevunja mazungumzo. Mulwa akapandisha: mbuzi thelathini na tatu, na debe la asali!

Mulwa alinishika mkono kwa mikono miwili. Akasema miaka arobaini hajakutana na mtu mgumu hivi. Kaluki akaniambia asante baba mdogo, na mama yake akalia tena, safari hii kwa furaha. Mimi pia. Miaka ishirini na mbili ya maneno, na sijawahi kufanya biashara kama hii!

Jumapili, 21 Septemba.

Daktari Anab amepiga simu. Lile la juu nije kesho lizibwe, elfu tatu, naweza hata kulipa kwa awamu mbili. Mama Kiilu ameshaweka pesa kando, zimefungwa kwenye leso, mezani mbele yangu.

Nimezirudisha. Mdogo wake Kaluki anaposwa mwezi wa Desemba, na wakwe wa safari hii wana ng'ombe. Tundu ni dogo bado, lakini nimehesabu: miezi mitatu inatosha. Tangu asubuhi natafuna miwa upande wa kushoto.