Moshi Wangu Usipotee Bure

Jumatatu, 8 Septemba 2025. Bwera.
Aminah ameondoka! Kambeba Rahmah mgongoni, kapanda teksi, kaenda kwa dada yake kule Hima. Sababu: moshi. Nesi kamwambia kikohozi cha mtoto kinatoka jikoni kwetu, mapafu ya miezi minane hayawezi kuni. Mke wangu kasema, Baba Rahmah, siku jikoni hamna moshi nitarudi. Atakuja Jumamosi kukagua. Kukagua! Kama afande wa mpakani.

Lakini moshi ndio kazi yangu. Nachukua samaki ziwani Kahendero, nawapanga kwenye chanja juu ya mafiga. Aminah anapika chakula, samaki wanakauka. Moto mmoja, kazi mbili. Dirisha nililiziba mwenyewe kwa gunia ili moshi usipotee bure. Hakuna aliyenipongeza. Marehemu mama alipika kwenye moshi maisha yake yote. Alikohoa miaka ishirini, ni kweli, lakini alikohoa kwa nguvu.

Nyumba kimya. Nimemkumbuka mtoto hata kabla ya chai.

Jumanne, 9 Septemba.
Wazo! Nimepaka kuta za jikoni chokaa. Ukuta mweupe, nani ataamini kuna moshi? Jirani yangu Thembo kaja kuchungulia. Huyu ana jiko jipya la udongo lenye bomba linalotoa moshi juu ya paa, na tangu alijenge hana habari nyingine. Hata mazishini. Kanishauri nijenge kama lake. Nimemwambia asante, nina mipango yangu. Kisha nikawasha moto, samaki wasiharibike. Alasiri kuta zilikuwa rangi ya chai ya maziwa. Kufika magharibi, chai kavu isiyo na maziwa.

Jumatano, 10 Septemba.
Makaa! Makaa hayatoi moshi, nani hajui? Nimehamishia samaki chumbani, nikawasha sigiri, na kwa kuwa mvua ilikuwa inanyesha nikafunga mlango na dirisha, joto lisitoke. Moshi hata chembe! Nikakaa kitandani kujipongeza. Kichwa kikawa chepesi. Nikacheka. Nikawaimbia samaki. Akaingia Thembo, akawa wawili, nikasikitika sana kwamba Mungu kamuongeza.

Kumbe alikuwa mmoja tu. Kaniburuta kwa miguu mpaka nje kwenye matope. Kasema alikuja kulalamika juu ya kuimba kwangu. Nimemtapikia viatu. Kamwita Musoki, mama anayepita nyumba kwa nyumba kwa mambo ya afya. Musoki kasema makaa yana sumu isiyoonekana wala kunuka, na ndani ya chumba kilichofungwa inaua mtu akiwa usingizini. Kaniuliza, angekuwa Rahmah je? Kichwa bado kinagonga.

Alhamisi, 11 Septemba.
Laurentine, mteja wangu wa Butembo, kavuka mpaka kuchukua samaki. Kawageuza, kawanusa. “Hii samaki iko nyeupe, miye sitaki.” Nimemweleza kwamba ni samaki wa kisasa. Kaondoka na kikapu kitupu. Sasa sina mke, sina mtoto, sina mteja. Nina Thembo.

Ijumaa, 12 Septemba.
Nimejenga! Baada ya sala nimechungulia jiko la Thembo, nikaliiga lote, pamoja na bomba. Ila mimi bomba sikulitoa nje. Hapo ndipo akili ilipo. Nimelipitisha ukutani mpaka chumbani, chini ya kitanda, nilikopanga samaki wote. Kuta nimezipaka chokaa upya. Nimewasha: jikoni safi kama msikiti! Samaki wanapata rangi! Nimecheza peke yangu mpaka kanzu ikachanika.

Jumamosi, 13 Septemba.
Aminah kakagua jikoni kwa tochi. Kapitisha kidole ukutani, kidole kikabaki safi. Kalia kwa furaha, kaniita mume wangu mbele ya Musoki na Thembo. Thembo kanipa mkono! Sijawahi kuwa na siku tamu namna hii. Nikachochea moto mkubwa, matoke yaive haraka. Aminah kampeleka mtoto chumbani kulala.

Hata dakika mbili hazikupita. Kikohozi. Aminah katoka na Rahmah mkono mmoja, mkono mwingine samaki. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Kasema nimeutoa moshi jikoni nikaulaza na mtoto. Nje, kwenye hewa, Rahmah alitulia, akavuta pumzi, akanishika kidole. Nimeona aibu, aibu ya kweli. Wamerudi Hima na teksi ya saa tisa.

Jumapili, 14 Septemba.
Nimelia asubuhi yote. Nimeapa kwamba nimekuwa mtu mwingine. Mchana Aminah kapiga simu, alhamdulillahi! Ananipa nafasi moja ya mwisho. Sharti lake nimeliandika neno kwa neno nisikosee: moshi usiwepo jikoni, wala chumbani. Nimelisoma mara tatu.

Sebule hajaitaja.