Shoka Langu Limeisha Waranti

Danson Munyoki,
Fundi wa Vifaa vya Umeme,
Voi.

Kwa Mkurugenzi,
Watengenezaji wa mchezo wa Ngome ya Ukungu.

Mheshimiwa,

KUH: KUFA KWA JOKA KABLA HATUJAMUUA

Natumai barua hii itakukuta mzima, na kiti unachokalia bado kina miguu minne. Mimi hutengeneza pasi, redio na blenda. Siku hizi kazi yangu kubwa ni kuwaeleza akina mama kwamba blenda haikuharibika, ilitengenezwa ife. Imegandishwa kwa gundi isifunguliwe, na ndani kuna kigurudumu cha plastiki kinachoijua tarehe ya mwisho ya waranti kuliko mwenye blenda.

Hayo nimeyazoea. Jumamosi alasiri nilikuwa nikifunga kibanda na kuyasahau. Kwa miaka minane sisi watu wanne tumecheza Ngome ya Ukungu katika chumba cha nyuma cha kanisa, kwa ruhusa ya mchungaji, aliyetuomba tu tusiwataje majoka kwa sauti kwaya ikifanya mazoezi. Kila mmoja ana shujaa wake wa kubuni, aliyeandikwa kwenye karatasi. Carolyne wa duka la vitambaa husimulia hatari, na dadu huamua nani atapona. Humo shoka langu halikuwahi kupata hata kutu. Ndipo mkatuletea toleo la tatu la kitabu cha kanuni. Malalamiko yangu ni haya:

1. Ukurasa wa 19 unasema kila silaha itavunjika baada ya mapigano kumi, na haitengenezeki. Haitengenezeki! Mheshimiwa, unamwambia nani? Nilimwomba Carolyne aniruhusu nilichomelee shoka langu. Akapekua kitabu, akasema, "Pole, Munyoki. Imeandikwa ununue jipya."

2. Viatu hudumu safari tatu. Shujaa wangu aliupanda mlima wa joka peku, na mlima wenyewe, kwa jinsi Carolyne alivyousimulia, ni kama Kasigau iliyoongezwa mawe.

3. Tulifika kileleni baada ya Jumamosi sita, tukamkuta joka amekufa. Hakuuawa na mtu. Ukurasa wa 88: majoka wa toleo hili huishi miaka miwili, basi. Mwenzetu Tryphena, ambaye ni muuguzi, aliomba ampime mapigo ya moyo, kwa mazoea ya kazi. Hakukuwa na mapigo. Nauliza: waranti ya joka anayo nani? Tunaomba mtubadilishie ndani ya siku kumi na nne, na spea za joka zipatikane hapa Voi, si mpaka mtu aagize Nairobi.

4. Hili ndilo linaloniuma. Ukurasa wa 41, tuliouona baada ya joka, unasema mashujaa wa matoleo ya zamani hawatumiki tena. Mwalimu Sylus wa Sagalla alistaafu mwaka uleule tulioanza kucheza, na shujaa wake, mlinzi wa daraja, ndiye aliyekuwa akimtoa nyumbani. Aliposomewa ukurasa huo aliikunja karatasi ya shujaa wake, akaitia mfukoni. Akaniambia, "Danson, serikali ilinistaafisha, nikakubali. Na kitabu nacho?" Akapanda bodaboda akaenda zake. Jumamosi mbili sasa hatujamwona.

Kwa hiyo nadai mlinzi wa daraja arudishwe kazini pamoja na marupurupu yake yote. La sivyo, tutarudia toleo la kwanza, na hamtatuona tena.

Wasalimie waandishi, wachoraji na wafungaji wa vifurushi. Aliyeandika ukurasa wa 41 msalimie mwisho.

Wako katika kudai haki,

Danson Munyoki

N.B. Barua hii ilichelewa kutumwa, na mambo yamebadilika. Jumamosi iliyofuata tulirudia toleo la kwanza kweli, ili kuwakomoa. Mwalimu Sylus alikuja na mlinzi wake. Hakuna kilichovunjika. Joka tulimuua kwa robo saa, kisha tukakaa tukitazamana. Mwalimu akasema, "Leo sijaogopa hata kidogo. Kile kitabu kipya kiko wapi?" Sasa ana shujaa mpya, msichana wa miaka kumi na tisa, mwizi wa farasi. Amevunjikiwa na panga mbili na kucheka mpaka akakohoa, na kwaya ikatuma mtu kuuliza kuna nini. Tafadhali puuza nambari moja hadi nne. Toleo la nne likitoka, Mwalimu anaomba nakala yake mwenyewe. Amechoka kungojea zamu ya kusoma hiki kimoja tulicho nacho.