Likizo Yangu Imo Ndani ya Faili la Panya

Jumatatu, 3 Machi

Siku njema kuliko zote tangu nianze kazi masjala. Jioni mke wangu kanisukumia bahasha mezani, katikati ya marundo ya sare za shule anazoshona. Tiketi mbili! Za visiwani! Siku nane, kuanzia Jumamosi tarehe 22. Ndivyo visiwa nilivyomwahidi siku ya harusi, miaka ishirini iliyopita, kwamba fungate tutaila huko. Tuliila kwa mjomba wake, chumba cha uani. Tangu hapo nimepanga safari tatu, na zote zimevunjika kwa bahati mbaya tu, ingawa mke wangu ana maelezo yake.

Kasema ameshona kola na mifuko miezi minane kwa ajili ya bahasha hii. Kila kitu ameshakipanga. Kazi yangu ni moja: nilete fomu ya likizo iliyosainiwa, mwisho Ijumaa tarehe 14. Nisipoileta ataondoka na dada yake. Kayasema haya kwa upole, pini zikiwa mdomoni.

Nimecheka. Mimi ndiye masjala yenyewe. Hakuna karatasi inayoingia ofisi ile bila kupita mkononi mwangu.

Nimesoma kijitabu cha visiwa mara nne. Hakuna joto la kukuunguza wala baridi ya kukukunja. Asubuhi kuvua, mchana kulala kwenye bembea ya kamba, jioni kuvua tena. Nimezaliwa kwa ajili ya maisha haya.

Jumanne, 4 Machi

Nimejaza fomu. Kwenye sababu ya likizo nimeandika: "Mapumziko na uvuvi wa hali ya juu." Nimeitia kwenye Faili la Likizo. Utaratibu wetu ni rahisi. Fomu zote za wiki huingia faili moja, na Jumatatu asubuhi Bi Mkuu, bosi wetu, hulifungua na kusaini. Sharti lake ni moja tu: watu wawili wa masjala hawaondoki pamoja. Na masjala tupo wawili. Mimi, na Bwana Muhuri.

Bwana Muhuri ndiye mgonga mihuri. Akigonga, dirisha linatetemeka, kisha anaipuliza karatasi kana kwamba ni uji. Miaka kumi na moja tunatazamana. Damu zetu hazijapatana hata siku moja, japo yeye hajui.

Mchana nimenunua ufito wa kuvulia. Mrefu, mwekundu, una gurudumu la kuzungushia mshipi. Muuzaji kaniuliza huwa navua samaki gani. Nikamjibu: wakubwa.

Jumatano, 5 Machi

Mazoezi ya kurusha ndoana, jikoni kwangu, saa kumi na moja jioni. Mrusho wa kwanza nimenasa pazia. Wa pili, kofia ya fundi bomba aliyekuwa akipita nje. Wa tatu ulikuwa mzuri sana, mkono umenyooka, kiuno kimezunguka, na ndoana ikatua kwenye shati la shule lililobaki vifungo tu. Mkono wa shati ukaja wenyewe. Shati lenyewe likabaki.

Mke wangu kauchukua ule mkono, kauweka mbele yangu, na sindano juu yake.

Shemeji, yaani dada yake, alikuwepo na kaona yote. Huyu ni mkunga, na hanichekei hata nikianguka. Kaniuliza kama kweli nimewahi kuvua. Nikamwambia nimevua tangu utotoni, na kwamba ule ulikuwa mrusho wa maji ya kina kirefu, jikoni hauonekani vizuri. Ukweli ni kwamba nimevua mara moja, na nilipata ndala. Ya mguu wa kushoto.

Fomu ya mashua ya uvuvi ya huko visiwani imekuja. Panapoulizwa daraja la ujuzi kuna "anayeanza", "wa kati" na "bingwa". Anayeanza hukalishwa nyuma, karibu na ndoo ya chambo. Nimeweka alama kwenye bingwa. Nani atanipima?

Alhamisi, 6 Machi

Hatari! Bwana Muhuri kanikuta naandika orodha ya mizigo (kofia mbili, mafuta ya kujipaka, kisu cha samaki, kisu cha akiba) akaniuliza nasafiri tarehe gani. Kwa sauti ya kawaida kabisa. Mtu haulizi tarehe kwa sauti ya kawaida kama hana jambo.

Nikamjibu: ishirini na mbili. Kaguna. Kaitazama kalenda. Kisha kakaa, kachukua fomu ya likizo, kaandika mistari mirefu huku akipiga mluzi, kaitia kwenye Faili la Likizo na kwenda kunywa chai.

Nilitaka kulifungua faili nisome. Lakini kulifungua ni lazima nisaini daftari la kutoa mafaili, na daftari anakaa nalo yeye. Hata hivyo sina haja ya kusoma. Anataka wiki yangu. Ana miaka mingi kazini kuliko mimi, Bi Mkuu atampa yeye. Mke wangu na bembea yake, mimi na samaki wangu, vyote vimekalia kiganja cha mgonga mihuri.

Jumapili, 9 Machi

Sikuandika juzi kwa sababu nilikuwa kwenye operesheni.

Ijumaa saa nane mchana, Bwana Muhuri alipokwenda kunawa, nilichukua Faili la Likizo. Sikulifungua, hivyo sikuhitaji kusaini daftari. Mimi ni mtu wa kufuata sheria. Nikalipeleka chumba cha nyuma, kwenye rafu za mafaili yaliyofungwa, nikalitumbukiza ndani ya faili nene liitwalo "Malalamiko Kuhusu Panya". Halijaguswa miaka tisa.

Mpango wenyewe: kesho Bi Mkuu atatafuta Faili la Likizo, hataliona. Hapo nitajitokeza na fomu yangu ya pili, imejazwa, imenyooka. Atasaini. Fomu ya Bwana Muhuri itaonekana baada ya miezi kadhaa, nami nitashangaa kuliko wote.

Leo nimekuwa na furaha hadi nimeosha vyombo. Mke wangu kaniuliza nimefanya nini. Nikamwambia kwani mtu haoshi vyombo bila sababu? Kanitazama muda mrefu.

Jumatatu, 10 Machi

Bi Mkuu kaitisha faili. Halipo. Nimeshangaa, kama nilivyopanga. Nikatoa fomu yangu ya pili. Bi Mkuu kainua miwani na kusema hawezi kumsainia mmoja wakati karatasi za wengine zimepotea. Faili lipatikane kwanza, na mtunza mafaili ni mimi, basi nilitafute. Bwana Muhuri kanyanyua mkono aseme jambo. Nikamwahi. Nikasema kwa sauti kubwa kwamba nitalipata kabla ya chai.

Si neno, nilijiambia. Naenda nyuma, nalitoa, narudi nalo kama shujaa, na njiani fomu ya Bwana Muhuri inaweza kudondoka.

Chumba cha nyuma kitupu! Rafu hadi rafu, vumbi tu na alama za mafaili yalipokuwa. Nikamkimbilia mlinzi. Kaniambia lori lilikuja Jumamosi kubeba mafaili yaliyofungwa kwenda ghala kuu, kama ifanywavyo kila baada ya miaka kumi. Nikamuuliza kwa hasira ni mpumbavu gani aliyetoa idhini. Kanionyesha hati. Saini ni yangu, ya tarehe 17 Februari, imepambwa na kale kamkia ninakokapenda.

Jumanne, 11 Machi

Ghala kuu wamesema faili hurudishwa kwa ombi rasmi, lenye muhuri, na huchukua siku kumi za kazi. Nimehesabu kwa vidole. Nimehesabu tena kwa kalenda. Ni tarehe 25.

Ombi kaligonga Bwana Muhuri. Kagonga mara tatu, eti lisije likacheleweshwa. Kaniuliza Malalamiko Kuhusu Panya ni ya nini. Nikamjibu: utafiti. Kalipuliza.

Jumatano, 12 Machi

Naandika nikiwa nimekaa ngazini.

Bi Mkuu kaniita ofisini kwake, na Bwana Muhuri pia. Hakuwa mkali. Kasema amefikiri, na habari ya mke wangu ameisikia. Hana haja ya faili tena. Anataka kujua tu lilipoteaje, ili lisipotee tena. Nimwambie ukweli, atasaini fomu yangu hapo hapo. Kalamu alikuwa nayo mkononi, kifuniko ameshakivua. Fomu yangu iko mbele yake. Bwana Muhuri ananitikisia kichwa kwa huruma.

Nilifungua mdomo kusema ukweli. Naapa. Nilikuwa na sentensi nzima tayari: nililificha, samahani. Maneno mawili, nisingechukua hata dakika.

Kikatoka: panya.

Nikasema panya wamelibeba. Nikaona kimya, nikaogopa kimya, nikaongeza. Nikasema ni wengi. Nikasema wakubwa, nimewaona kwa macho yangu, mmoja kashika upande huu na mwingine upande ule. Nikaonyesha kwa mikono, kipimo kile nilichokuwa nakifanyia mazoezi kwa ajili ya samaki.

Bi Mkuu kapanda juu ya kiti. Sikujua kwamba anawaogopa.

Alhamisi, 13 Machi

Fundi wa dawa ya panya amekuja, amepima chumba. Nafasi yake iliyo wazi ni wiki ya tarehe 24. Masjala yote itafukizwa. Anahitaji mtu aliyewaona panya, amwonyeshe njia zao kila siku hadi kazi iishe. Bi Mkuu kasema mtu huyo yupo. Kanishukuru kwa uaminifu wangu.

Nimejikaanga kwa mafuta yangu mwenyewe.

Ijumaa, 14 Machi

Nimemwambia mke wangu. Nilianza na panya, akanitazama. Nikaanza tena na lori, akanitazama. Mwisho nikamwambia yote, tangu mluzi wa Bwana Muhuri. Kumbe ukweli unanitoka vizuri tu, ila hufika umechelewa.

Hakufoka. Laiti angefoka. Kazima cherehani, kakunja shati alilokuwa akishona, kasema miaka ishirini anangoja kuona bahari akiwa amekaa nami, na kwamba hakuniomba samaki, aliniomba karatasi moja. Kisha kamwita dada yake.

Nimejisikia vibaya mno. Nimekwenda kuushona ule mkono wa shati. Nimeushona shingoni.

Jumamosi, 22 Machi

Nimewasindikiza. Mke wangu kavaa kofia pana aliyojishonea, kapendeza hadi nimesahau nilichotaka kusema. Kanishika shavu kabla ya kuondoka. Kwa hiyo bado napendwa.

Shemeji nimemkabidhi ufito wangu na maelekezo ya kurasa sita. Kaniuliza kama kuna la muhimu zaidi. Nikamwambia kiuno kizunguke.

Jumatano, 26 Machi

Siku ya tatu ya kufukiza. Panya waliopatikana: hakuna. Fundi kasema hajawahi kuona jengo safi namna hii. Nikamwambia ni werevu, wamehama. Nimevaa kofia yangu ya uvuvi na miwani ya kuogelea, kwa ajili ya moshi. Ukifumba macho chumba cha nyuma kina utulivu wa aina fulani. Nimekaa juu ya ndoo na kurusha kamba ya kufungia mafaili hadi rafu ya juu. Nimeipata mara mbili!

Picha imeingia kwenye simu. Shemeji, kwenye kiti cha mbele cha mashua, na samaki mrefu kuliko ubao wa kupigia pasi. Chini kaandika: kumbe kiti kile ni cha bingwa, na nahodha, kwa kuwa jina kwenye orodha ni langu, siku nzima anamwita Bwana Bingwa. Mke wangu yuko nyuma yake, kwenye bembea iliyofungwa humo humo mashuani, miguu juu, anacheka meno yote nje. Sijamwona akicheka hivyo miaka mingi. Nimeitazama picha hadi fundi akanigusa bega.

Jumatatu, 31 Machi

Siku ya furaha tele. Mke wangu karudi jana, mweusi wa jua, mnene kidogo. Kaniletea kombe la baharini. Kasema visiwa ni vizuri, lakini kila jioni kiti cha pembeni yake kilimkera. Mwakani tutakwenda wote. Ataanza tena na kola na mifuko. Kazi yangu ni ile ile, moja tu. Karatasi. Nimeapa kwa kila kitu.

Asubuhi ghala kuu wamerudisha faili. Nimelifungua mwenyewe, daftari nimesaini. Fomu ya Bwana Muhuri ilikuwa juu. Kaandika kwa mkono wake mkubwa: "Naomba likizo yangu ya tarehe 22 isogezwe mbele hadi mwezi Aprili, ili mwenzangu ampeleke mkewe visiwani. Amengoja sana yule mama."

Machozi yamenilenga. Nimekwenda kumshika mkono. Miaka kumi na moja, na moyo kama ule ulikuwa umekaa meza ya pili! Nimeahidi kutomdhania mtu vibaya tena maishani.

Fomu yangu ya mwakani nimeshaijaza na kuitia kwenye Faili la Likizo. Mapema, wazi, kama muungwana.

Saa tisa Bwana Muhuri kapita, kaniuliza mwakani tunasafiri tarehe gani.

Kwa nini anauliza?

Kauliza kwa sauti ya kawaida kabisa. Kisha kaitazama kalenda.

Saa kumi kasoro, alipokwenda kunawa, nimelihamisha faili. Si kule kwa zamani, mimi si mtoto. Nimeliweka ndani ya faili jipya kabisa, "Taarifa ya Ufukizaji". Hakuna atakayelifungua hilo, panya wenyewe hawapo. Fundi kasema atapitia kesho kuchukua nakala yake, lakini kuna karatasi nyingi mno humo, hataona kitu.

Nyumbani nimeosha vyombo.