Babu wa Wino Mweusi

Bosi wa Matairi alikuwa akimlalamikia kinyozi, na Asali, aliyekuwa akingoja zamu, masikio yakamsimama kama ya sungura. Bosi alikuwa na ghala, gari na tumbo. Alichokosa ni babu. Wakwe walikuwa njiani kuja kumkagua, na ukutani kwake palining'inia kalenda tu.

"Babu yako nimeshamwona pichani," Asali alisema, sauti laini kama sabuni. "Pua ile ile. Niachie wiki."

Wapo watu wanaoamini lolote linalosifu pua zao. Tuwaache.

Asali aliishi kwa shangazi yake, katika nyumba ya kona aliyoijenga babu yake yeye. Kila asubuhi shangazi alimwimbia: "Bati linavuja, wewe umelala. Nyumba hii ya baba nitampa mjukuu wake mwenye akili." Mjukuu alikuwa mmoja tu, kwa hiyo Asali aligeukia upande wa pili.

Akaitoa picha ya babu sandukuni mwa shangazi, akaiskani, akairudisha. Printa ilimtoa babu wa kijani kama chura, maana ilichanganya rangi zote kutafuta kijivu. Asali akang'oa wino za rangi, akatia nyeusi na kijivu tupu, kizito na chepesi, na karatasi nene ya pamba isiyong'aa. Sasa babu akatoka mpaka mikunjo ya koti lake jeusi ikaonekana. Angelihangaikia bati hivyo, shangazi angekufa kwa mshangao.

Bosi alikuja kuichukua picha, shangazi akiwa sokoni. Wajanja wavivu hufanyia biashara palepale wanapolala. Akaitazama pua, akatokwa na machozi, akalipa bila kuuliza bei mara mbili.

Siku chache baadaye akarudi, picha kwapani, akitaka nakala ya kutundika dukani kwake. Safari hii mlango ulifunguliwa na shangazi.

"Huyu ni baba yangu," shangazi alisema. "Wewe umempata wapi?"

"Ni babu yangu, mama."

Shangazi akashika kizingiti. "Basi kaka yangu aliyetoroka aliacha mtoto."

Nyuma yake Asali akafungua mdomo. Akisema kweli, ni tapeli. Akinyamaza, amepata ndugu.

Bosi akamtazama Asali, akaitazama kona inayoangalia barabara mbili, akalitazama bati. Muuza matairi hashindwi kutambua kiraka. Akapiga goti.

"Shangazi, nimewatafuta mpaka nimechoka. Hilo bati nalibadilisha leo."

Kufikia jioni bati lilikuwa jipya, chumba cha Asali kimejaa matairi, na printa iko barazani pamoja na godoro.

"Umeona mjukuu mwenye akili?" shangazi aliuliza.

Bosi akamshika Asali bega. "Nakala yangu usisahau, mdogo wangu."

"Bei ile ile," Asali alinong'ona.

"Unanitoza mimi kwa babu yetu?" Bosi alisema kwa sauti, shangazi asikie. "Huna haya."